Kumfikisha Zinduna

Nchi ya Kisani haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuchora, na nimechora nyingi, maana nilikuwa mpimaji wa ardhi Rungwe mpaka nilipostaafu. Niliingia huko mchana, baada ya chakula, kupitia kompyuta ya mke wangu. Jinsi mtu anavyopita sina maelezo yake. Ninachoweza kueleza ni niliyoyaona na niliyoyafanya, na kwa nini nilikwenda.

Mke wangu anaitwa Tusekile. Alifundisha Kiswahili shule ya msingi, na alipostaafu mpwa wetu alimletea kompyuta ambayo yeye alikuwa ameichoka. Ndani yake mlikuwa na mchezo mmoja. Haukuwa wa mpira wala wa mbio za magari. Ulikuwa hadithi ambayo mchezaji anaingia ndani yake, anatembea, anazungumza na watu na kuamua mambo. Tusekile alianza kwa kuchungulia, akaishia kuwa mwenyeji. Alikuwa akisema, "Nakwenda Kisani mara moja," nami nikajua chai nitajimiminia mwenyewe.

Kisha akapata kiharusi. Alirudi kutoka hospitali na mkono wa kulia usiomtii na ulimi mzito, maneno yakimjia moja moja kama maji ya bomba la mgao. Nilidhani atakachokihuzunikia ni bustani yake, au kwaya. Lakini siku moja, nikiwa namnywesha uji, alisema neno nisilolielewa, akalirudia mpaka likanyooka. Lilikuwa jina la mtu, Zinduna.

Ilibidi nimuulize kidogo kidogo, naye ajibu kwa kichwa. Zinduna alikuwa mwanamke wa Kisani aliyetenganishwa na mama yake tangu utotoni. Tusekile alikuwa amemwahidi kumpeleka kwa mama huyo, ng'ambo ya milima. Walikuwa wamefika kivukoni ugonjwa ulipoingilia.

"Nimemwacha mtoni," Tusekile akasema. "Amesimama."

Nilimweleza kwa upole kwamba Zinduna si mtu kama sisi, hachoki wala hasikii baridi. Tusekile alifumba macho, kama anavyofanya kila mara anaponingoja nimalize kusema yasiyo na maana. Alipoyafumbua akasema, "Baba Gwakisa. Nenda."

Nikaenda.

Mpakani nilipokewa na afisa mmoja mwenye adabu sana, Bwana Kadiri. Kazi yake ni kupima kama mgeni ana nguvu za kuibeba hadithi. Aliitazama ile kompyuta niliyopitia kama daktari anavyomtazama mzee aliyekuja kliniki kwa miguu, akaniambia nitaingia kwa daraja la chini.

"Miti utaiona," alisema, "ila majani hutayaona. Nyuso utaziona bila makunyanzi. Milima ya mbali itatokea ukishaikaribia."

Nilimuuliza mke wangu aliingia kwa daraja gani. Akasema daraja hilohilo. Aliwahi kuuliza majani yako wapi, na alipoelezwa, akasema basi atayaweka mwenyewe. Bwana Kadiri alikuwa bado anamfikiria kwa hilo.

Kutoka hapo nilipelekwa katika ukumbi wa kungoja. Ukutani pana mstari mweupe unaojaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na ukijaa mlango unafunguka. Hujaa vizuri mpaka karibu na mwisho, halafu husimama. Chini yake pameandikwa mawaidha ya kumfaa msafiri, kama vile kwamba ukiwa na njaa inafaa ule. Niliyasoma mpaka nikayachoka, yakaanza upya. Mlango ulipofunguka, afisa mwingine alinifundisha kutembea, nami nimetembea maisha yangu yote. Alinifundisha kutazama juu, kisha chini, akakataa kunipisha mpaka nichuchumae mbele yake. Nilichuchumaa.

Kila msafiri wa Kisani hupewa karani wa kufuatana naye. Mtu anapomsemesha msafiri, karani husoma majibu matatu, na msafiri huchagua moja. La kwake mwenyewe haruhusiwi kulisema. Nilipewa karani mpole, mwenye sauti ya msoma matangazo ya kanisani, tukaongozana mpaka kivukoni.

Zinduna alikuwa pale. Mguu mmoja ulikuwa majini na mwingine mchangani, mkono ameunyoosha mbele kama mtu anayemsaidia mwenzake kushuka, mdomo umefunguka nusu. Hivyo ndivyo watu wa nchi ile hukaa msafiri wao anapoondoka. Nilipomkaribia, alimalizia maneno aliyokuwa ameyaanza kumwambia mke wangu kabla ya kiharusi. Alisema, "...na ukichoka, mama, tutapumzika."

Kisha akaniona, akashusha mkono.

"Shikamoo, baba," alisema. "Mama yuko wapi?"

Karani akasoma majibu yake. La kwanza lilikuwa Amechelewa. La pili, Nimekuja badala yake. La tatu, Twende, muda hautoshi. Mimi nilitaka kumwambia kwamba mama yuko nyumbani, amekaa karibu na dirisha, mkono wake wa kulia haufanyi kazi, na jambo la kwanza alilolitaja kwa jina ni wewe. Karani alitikisa kichwa kwa huruma. Hilo halikuandikwa. Nilimuuliza kama kuna tofauti nikichagua hili au lile. Alikuwa mkweli, akasema yote matatu hupeleka njia moja, ila wasafiri hufurahi kuulizwa. Nikachagua la pili, kwa kuwa ndilo lililokaribia ukweli.

Habari iliyotufikia pale mtoni ilikuwa ya kutisha. Mama yake Zinduna anaumwa, kesho haioni. Nikataka tukimbie. Lakini katika kijiji cha kwanza alisimama njiani bwana mmoja aliyepotelewa na mbuzi, akaomba nimtafutie. Kwa kinywa cha karani nilimjibu kwamba tunakwenda kwa mgonjwa mahututi. Alisema anaelewa sana, akampa pole Zinduna, akaeleza rangi za mbuzi. Karani alininong'oneza kwamba niwatafute tu, nisiwe na wasiwasi. Mama yule kweli kesho haioni, lakini kesho yenyewe hairuhusiwi kufika mpaka sisi tumefika. Tangu mke wangu aanze hadithi hii, bado ilikuwa siku ileile. Niliwatafuta mbuzi kwenye miti isiyo na majani, na kila niliyempata alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyepotea.

Kutembea na Zinduna kulikuwa na taabu yake. Mwendo wake ni wa haraka kuliko kutembea kwangu na wa polepole kuliko kukimbia kwangu. Nikitembea aliniacha, nikikimbia nilimpita, naye husimama kabisa akiona nimempita. Mahali pamoja njia ilizunguka shamba refu lenye ua usiofika magotini. Niliinua mguu niuvuke, mguu ukakataa. Sheria ya Kisani ni kwamba ua ni ua, urefu wake haujalishi. Tukazunguka. Kwenye kila mpindo wa njia Zinduna alisema kwamba njia ni ndefu lakini mama anangoja, kwa sauti ileile. Mwanzoni iliniudhi. Baadaye nilimsikia kama ninavyowasikia watu wanaosali.

Mbele yetu kulikuwa na daraja, na kwenye daraja Jemadari. Kabla ya kupigana na mtu, Jemadari hutoa hotuba kuhusu babu yake, kuhusu hatima, na kuhusu jinsi upepo wa korongo lile unavyomkumbusha utoto. Hotuba ya Jemadari haikatizwi. Nilisimama nikaisikiliza yote, kisha akanitupa korongoni, maana vidole vyangu ni vya mtu mzima na havikulelewa kwa kazi ile.

Kuanguka Kisani si kufa. Njiani kuna Nyumba za Kumbukumbu, na msafiri akipita humo huweka yote yaliyompata mpaka hapo. Akianguka, anaamka kwenye nyumba aliyopita mwisho, na yote ya baada ya hapo yanakuwa hayajatokea. Nyumba yangu ya mwisho ilikuwa nyuma kabisa, kando ya mto. Niliamka, na mbuzi walikuwa wamepotea tena. Mwenye mbuzi alinisimamisha kwa salamu ileile. Niliwatafuta, nikazunguka ua, nikasikiliza habari za babu yake Jemadari, nikatupwa. Ikawa hivyo mara nyingi kiasi kwamba hotuba niliijua kwa moyo.

Lililoniuma zaidi ya korongo ni Zinduna. Kila nilipoamka, alikuwa amesahau. Nilikuwa nimeanza kumzoea, najua atasimama wapi, najua kwamba milangoni hujikwaa na lazima umpishe kwa ubavu. Yeye alinitazama kila mara kama mtu aliyekutana nami asubuhi hiyo.

Siku moja nilimshinda Jemadari. Alipiga goti, akafungua mdomo anipe ruhusa ya kupita, na nchi nzima ikaganda. Ndege mmoja alibaki angani kama picha. Upepo ulisimama lakini sauti yake iliendelea, noti moja, kama honi iliyokwama. Kisha giza, na nikajikuta mpakani mbele ya Bwana Kadiri. Aliniomba radhi kwa unyenyekevu, akauliza kama ningependa serikali iarifiwe kilichotokea. Nikasema ningependa sana. Akanishukuru. Nilipouliza ni nani husoma taarifa hizo, alifikiri kidogo, akasema mpaka sasa utaratibu uliokamilika ni ule wa kushukuru.

Nilikwenda kwenye Baraza. Raia na mgeni wote wana haki ya kusikilizwa huko, kwa maneno yao wenyewe, na mwenyekiti wake, Bi Mtungo, ni mwanamke mwenye utu. Niliomba mambo mawili, kwamba msafiri aruhusiwe kuweka kumbukumbu zake mahali popote, na kwamba aliyekwisha kuisikia hotuba ya Jemadari asisikilizishwe tena.

Walijadili kwa bidii. Mjumbe mmoja alisema mtu akiweza kuhifadhi kumbukumbu popote hataogopa kitu, na asiyeogopa hafurahii kufika. Mwingine alisema wanaoanguka wanaanguka kwa kutokuwa makini. Kuhusu hotuba, ukumbi ulihuzunika kweli, maana wapo pale waliotumia ujana wao kuiandika, na hawakujua kama kuna mtu ameichoka. Niliinuka tena nikawaeleza habari za mke wangu. Niliwaambia kuna watu ambao hawawezi kukaa kitini muda mrefu, na kuna ambao hawajui watarudi lini. Bi Mtungo alifuta macho kwa pembe ya mtandio. Kisha Baraza likaamua, kwa sauti moja, kuongeza nakshi kwenye joho la Jemadari.

Sisemi walikuwa watu wabaya. Waliipenda nchi yao kiasi kwamba hawakuweza kumfikiria mtu anayeipita akiwa na haraka.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kuacha. Nilikaa karibu na Tusekile, nikamsimulia yote, mbuzi, ua, goti la Jemadari, ndege aliyebaki angani. Nilipofika kwenye joho, alicheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na machozi yakamtoka kwenye macho yote mawili. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka. Nilisahau kuwa nimekasirika.

Alipotulia, alitafuta neno kwa muda. "Kaa," alisema.

Nilimwambia nimeshakaa.

"Kaa naye. Kabla ya daraja. Kuna... jiwe. Kuna moto."

Kwa hiyo nilirudi. Kabla ya daraja, nje kidogo ya njia, kweli palikuwa na jiwe kubwa lililoinama, na chini yake mafiga na moto mdogo unaowaka. Nilikuwa nimepapita mbio kila mara. Hakuna bango, hakuna afisa. Nilikaa, na karani akanijulisha, kana kwamba jambo hilo ni dogo, kwamba kwa kuketi pale kumbukumbu zangu zimehifadhiwa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema sikuwahi kukaa.

Zinduna aliketi upande wa pili wa moto. Sikugusa kitu. Nikajua desturi nyingine ya nchi ile, nayo naipenda kuliko zote. Msafiri akitulia muda wa kutosha, asiulize wala kuamuru, watu wa Kisani huruhusiwa vitu vidogo. Zinduna alijikuna kiwiko. Alijinyoosha. Alikaza kitambaa chake cha kichwa. Kisha akaanza kuimba kwa mvumo, bila maneno, mdomo ameufumba.

Wimbo ule naujua. Tusekile huuimba akimenya ndizi. Hauko katika kitabu chochote. Aliutoa kwa mama yake, na pale katikati hupotoa noti moja kwa sababu mama yake aliipotoa. Zinduna naye aliipotoa.

Sikuwa nimefikiri kabla ya hapo kwamba wanatusikia. Miezi yote ile mke wangu alikuwa akija hapa, anakaa kwenye moto huu asikokuwa na kazi, anaimba mbele ya kompyuta huku mimi niko chumba cha pili na redio yangu. Majibu matatu ya karani hayakuwa na nafasi ya mambo kama hayo, lakini yalikuwa yamemfikia. Nilitaka kumuuliza Zinduna ni nini kingine anachokijua kuhusu sisi. Karani hakuwa na la kusoma. Basi nikaimba naye, kwa sauti yangu ya kukwaruza, naye hakuonyesha kushangaa.

Tulipita daraja siku ile. Nilianguka tena, si haba, lakini kila mara niliamka kwenye jiwe, na Zinduna alikuwa ng'ambo ya moto akiimba. Jemadari alipopiga goti sikuvuta pumzi mpaka alipomaliza kutoa ruhusa. Milima ilijitokeza mbele yetu mmoja baada ya mwingine, kila tulipoikaribia. Upande wa pili palikuwa na nyumba ya udongo, mlango wa mbao, na kando yake Nyumba ya Kumbukumbu yenye mlango wazi.

Zinduna alisimama mbele ya mlango akainua mkono. Karani akasoma. Bisha hodi. Bisha hodi kwa upole. Bisha hodi kwa nguvu.

Nilisimama pale muda mrefu. Nilikuwa nimetumwa kumfikisha, na nimemfikisha. Kilichobaki kilikuwa kuutazama uso wa mama anapofungua, na niliona wazi kwamba hicho hakikuwa changu. Niliingia katika Nyumba ya Kumbukumbu nikaweka yote. Karani alinifuata akiwa na wasiwasi. Alisema hakuna msafiri aliyewahi kufika mlangoni akageuka, na hajui amwandike vipi. Nilimwambia aandike kwamba msafiri amekwenda kumwita mwenzake.

Nyumbani, Tusekile alikataa. Alitazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya kanga, akaugeuza uso ukutani.

"Siwezi," alisema. "Maliza wewe."

"Mlango ule mimi siubishi, Mama Gwakisa," nilimwambia. "Ukitaka, Zinduna atakaa pale mkono juu mpaka tuzeeke wote."

Siku iliyofuata nilimsikia akihangaisha vidole vya kushoto juu ya meza, kidole kimoja kimoja, kama mtoto anayejifunza kuhesabu.

Alipokuwa tayari, Kisani ilikuwa imefungwa. Nchi ile hujifunga bila taarifa na kufanya Ukarabati Mkuu. Hakuna anayejua utakwisha lini, ila mstari ule mweupe unaojaa. Mbaya zaidi, mpakani pamewekwa tangazo kwamba baada ya ukarabati kumbukumbu za zamani huenda zisitambulike. Tulikaa siku nyingi tukiutazama mstari, yeye kitini, mimi kwenye kigoda kando yake. Alikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu kuliko yeye, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwacha Zinduna mlangoni.

Mpaka ulipofunguliwa, Bwana Kadiri alikuwa na kanuni mpya. Alitusalimu kwa furaha ya kweli, akamwambia Tusekile kwamba walikuwa wamemkumbuka sana. Kisha alipima, akatazama chini.

"Mama, nasikitika," alisema. "Ukarabati umeongeza masharti. Kanuni sasa inasema kila msafiri sharti awe na mikono miwili. Wewe unao mmoja unaofanya kazi."

Nilimwambia mimi ninayo miwili. Alijibu kwamba hadithi iko kwa jina la mama, na msafiri ni yeye. Nilianza kupandisha sauti. Tusekile alinigusa goti kwa mkono wa kushoto, nikanyamaza. Aliomba, kwa ishara, kanuni isomwe tena, na Bwana Kadiri akaisoma polepole. Msafiri sharti awe na mikono miwili.

"Awe na," Tusekile alisema. Alipumzika. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "'Na' ni... pamoja. Niko na mume. Niko na... mkono wake."

Bwana Kadiri alisoma tena kimoyomoyo. Aliniangalia, akamwangalia yeye. Jambo lilikuwa zito kwake, akamwita Bi Mtungo, naye akaja na wajumbe kadhaa. Walisimama pale mpakani wakajadili. Mmoja alishikilia kwamba kuwa na kitu ni kukimiliki. Mwingine aliuliza mtu anapokuwa na huzuni, au na mgeni, je, amevimiliki? Walivutana kwa muda. Bi Mtungo hakuwa akiwasikiliza. Alikuwa anamtazama mwalimu mmoja mzee, mgonjwa, aliyewapa somo kwa maneno yasiyojaa kiganja.

"Kanuni imetimizwa," alisema mwishoni. "Wapisheni."

Tuliingia pamoja. Mkono wake wa kushoto ulishika vitufe, ndio uliokuwa miguu yetu. Mkono wangu wa kulia ulishika kipanya, ndio uliokuwa macho. Ni vigumu kueleza jinsi tulivyokwenda. Yeye alipiga hatua mbele huku mimi natazama pembeni. Mimi niligeuka kumtafuta Zinduna, yeye akatupeleka ukutani. Alinikemea kwa neno moja, "Mbele," na baadaye kidogo, "Mbele, Baba Gwakisa," nami nikafurahi kukemewa kwa sentensi nzima.

Zinduna alikuwepo. Ukarabati ulikuwa umeusogeza mlango kidogo kutoka kwenye ukuta wake, na kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimegeuka kutoka kijani kuwa cha zambarau. Lakini alikuwa pale, mkono juu. Alipomwona msafiri wake, aliushusha.

"Shikamoo, mama," alisema.

Karani alifungua kinywa asome majibu. Tusekile alikuwa ameshajibu, nyumbani, kwa sauti yake, kwa ulimi wake mzito, "Marahaba, mwanangu," na karani akafunga kinywa chake.

Alibisha hodi kwa upole. Kidole chake kilipokuwa juu ya kitufe, niliweka changu kando yake bila kukigusa.

Mlango ulichukua muda kufunguka. Mama yule alitoka akiwa na unga mikononi, mgonjwa huyo aliyeambiwa haioni kesho, akasimama kizingitini akimtazama mwanawe. Kisha yakaanza maneno yao, marefu, yasiyokatizwa, kama ilivyo sheria ya huko. Walikumbatiana, na kwa kuwa nchi ile haijui vizuri kukumbatiana, mikono ilizama kidogo migongoni. Kwa mara ya kwanza sikutaka mtu yeyote afupishe chochote. Tusekile alikuwa ameegemeza bega lake zima kwangu.

"Wanafanana," alisema.

Nilitazama kwa makini. Mmoja alikuwa mrefu mwenye uso mwembamba, mwingine mfupi wa mviringo. Kwa daraja letu, nyuso zile hazikuwa hata na kunyanzi moja la kuzilinganisha.

"Sana," nikamwambia. "Hasa macho."